Wanaokumbatiana Mabegani

Pruitt Springs, Missouri
19 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi Kendall,

Pokea salamu zangu, umpe Ngaire zake, na zitakazobaki uwagawie watoto bila upendeleo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokukalia kifuani wakati wa baridi yenu kimeondoka. Mimi huku sijambo. Goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote, kama watu wa mji huu watakavyokuapia. Mama naye anakusalimu. Habari zake nitazieleza kwa kirefu, kwa hiyo usiridhike na neno hilo moja.

Barua yako imefika, pamoja na kile kipande cha gazeti alichokutumia yule mtani na mpinzani wangu, Delbert Kinder. Nilijua tu atakutumia. Na kalamu yake nyekundu pembeni nimeiona: "Simba jike wenu kaingia mitini." Unaniuliza kama ni kweli kwamba jioni ile bodi ya maktaba ilipopiga kura kuliondoa bango la kukataza silaha mlangoni, bango nililolipigania mpaka nikapoteza marafiki, dada yako aliyekuwa msemaji wa kwanza hakutokea. Nakujibu hivi: ni kweli sikusema, lakini si kweli kwamba sikutokea. Barua hii nzima ni maelezo ya tofauti hiyo. Isome ukiwa umekaa, na usirukeruke aya kuutafuta mwisho, maana nakujua.

Umeishi ng'ambo huko Wellington miaka minne sasa, mahali ambapo hata polisi anazunguka mtaani bila bastola kiunoni, na huenda umeanza kusahau kwenu kulivyo. Tangu jimbo letu lifute sharti la kibali cha kubeba silaha kwa kificho, mtu mzima asiye na kesi anaamka, anavaa suruali, anafutika bastola yake, anakwenda kununua maziwa. Haombi ruhusa kwa mtu. Wala si sisi peke yetu, majimbo zaidi ya nusu ya nchi hii yameshafika hapo hapo. Mimi niliipinga sheria ile gazetini mpaka mhariri akanisihi niandike walau mara moja kuhusu bustani. Hoja yangu kubwa haikuwa damu, kwa sababu damu kila mtu anaisema. Hoja yangu ilikuwa hesabu. Zamani aliyebeba kwa kificho alikuwa na kibali, na vibali vinahesabika. Sasa hakuna ajuaye ni wangapi, na kila mtu anakujibu kwa makisio yanayompendeza. Wapenzi wa bastola wanasema ni karibu kila mtu, ili uone ni jambo la kawaida kama mwavuli. Wenzangu wa mijini, wale ninaoelewana nao vitabuni, wanasema ni wachache wenye kichaa. Mimi nilikuwa kambi ya wachache wenye kichaa. Rejea makala zangu utaona nilivyoandika: wao, wao, wao.

Na dalili nilikuwa naziona, Kendall, usinifikirie kipofu. Sheria inataka mchungaji akubali ndipo mtu aingie kanisani na silaha, na Mchungaji Royce alikubali, tena mimbarini, akisema aliyebeba abebe kwa adabu na asimwonyeshe mtoto. Tangu hapo, kila tunapokaa baada ya wimbo, unasikia chuma kinagonga mbao za mabenchi, ko, ko, ko, toka mbele hadi nyuma. Na kuna ile namna yetu ya kukumbatiana. Sijui kama uliwahi kuigundua ulipokuwa hapa. Watu wa kwetu hawakumbatiani viunoni siku hizi. Wanakumbatiana juu, mabegani, mikono ikiwa imeinuliwa kama wanaotundika mapazia. Hakuna aliyeamuru. Ni adabu iliyojizalia yenyewe: huwezi kujua mwenzako kaweka nini chini ya shati, na si heshima kupapasa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakumbatiwa kiunoni. Delbert alikuwa akinibana kila Jumapili mbele ya watu na kutangaza kwamba Twyla ndiye mwanamke pekee wa kaunti nzima anayekumbatika bila hofu, na kwamba atakaponioa mtu ajue anaoa ngome isiyo na mlinzi. Watu wanacheka. Mimi nilikuwa namjibu kwamba ngome hii inalindwa na akili, kitu ambacho hakihitaji ala ya ngozi. Wanacheka tena. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa nije kwenye Jumapili ya chakula cha pamoja, mwishoni mwa kiangazi. Kila mtu kaleta chungu chake kama kawaida: Bi Oleta, rafiki wa Mama, na maharage yake ya kijani na uyoga, mke wa mchungaji na kuku wa kukaanga, Mama na ile jeli yake ya ndimu yenye karoti ndani ambayo wewe ulikuwa unampa mbwa chini ya meza. Nilikwenda chooni. Juu ya kisanduku cha karatasi, ukutani, sawa na bega la mtu aliyekaa, ilikuwepo bastola ndogo nyeusi ya risasi tano. Imelala tu pale, kama miwani.

Kosa hili ni la watu wetu. Sidhani huko kwenu linawezekana. Mtu anaingia chooni, kitu kinamchoma kiunoni au kinataka kudondoka, anakitoa, anakiweka kando, anamaliza shughuli zake, ananawa mikono vizuri kabisa, anarudi kwenye pai ya pichi. Nje ya mlango alikuwa akirukaruka mjukuu wa Bi Oleta, yule wa chekechea, miguu ameikunja, akiniambia niharakishe. Yeye ndiye aliyekuwa anafuata kuingia. Nikaifunga ile bastola kwa taulo za karatasi, nikaitia mkobani, nikampisha mtoto.

Nakwambia ukweli, nilitoka mle na hasira yenye furaha ndani yake. Makala ilikuwa imeshajiandika. Nilisimama katikati ya ukumbi, nikagonga glasi kwa kijiko, nikasema kwa sauti yangu ile ya mikutano kwamba kuna mtu amesahau kitu chake kwenye choo cha wanawake, kitu kisichofaa kusahaulika penye watoto, na kwamba nitamrudishia mwenyewe akija kuniambia kikoje.

Kendall, hapo ndipo nilipoipata hesabu niliyoitafuta miaka yote. Nilitazama mikono. Mwanamke wa kwanza akagusa nyonga. Wa pili akauvuta mkoba mapajani akaupima kwa kuuinua kidogo. Mwalimu wa shule ya Jumapili akajikuna kifuani mahali ambapo hapawashi. Hata wanaume waligusa, ingawa nilikuwa nimetamka wazi kwamba ni choo cha wanawake. Mchungaji Royce aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa viatu visivyo na kamba. Meza baada ya meza mikono inashuka, inahakikisha, inapanda kushika uma, na nyuso zote zikabaki tulivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Hawakuwa wachache, wala hawakuwa vichaa. Hao ndio walioniletea supu nilipofiwa na mume. Delbert peke yake ndiye aliyefungua kinywa, akapaza sauti kutoka meza ya mwisho, "Taja rangi, Twyla! Kama ya waridi, ni ya mchungaji!" Kicheko kikajaa ukumbi. Akaongeza kwamba kama nataka kuihutubia nisubiri watu wamalize pai.

Katika ukumbi mzima, mtu mmoja tu hakugusa chochote. Mama. Alikuwa anakula jeli yake taratibu, akiitenga karoti kando ya sahani. Na mimi, mjinga niliyesoma, nilimwangalia nikajivuna. Nilijisemea, huyu ndiye aliyenizaa.

Hakuna aliyejitokeza. Kila aliyejipapasa alikuta chake kipo. Tulipokuwa tunakusanya vyungu, Bi Oleta alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini nisiende kwa sherifu leo. "Mpeleke mama yako nyumbani kwanza, mwanangu. Mpeleke tu, ukae naye." Nilidhani anaona Mama amechoka.

Nyumbani nikamtengenezea kahawa. Niliitoa ile bastola mkobani niiweke juu ya kabati mpaka kesho, na taulo zikafunguka pale mezani. Ndipo nilipoona kwamba ile shabaha ya mbele, kile kidole cha chuma juu ya mdomo wa bastola, ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. Nilidhani imetoka kiwandani hivyo. Mama akanyoosha mkono kuchukua sukari. Unajua kila Jumamosi ninampaka rangi ya kucha kwa sababu mikono yake inatetemeka. Kucha zile na shabaha ile zilikuwa za chupa moja. Mtu ambaye macho yake yamefifia hupaka kitu chekundu ili aone anapoelekeza.

Nilimuuliza kama ni yake. Akasema haiwezekani, yake anayo. Akauchukua mkoba wake, ule wa ngozi niliomnunulia mimi mwenyewe siku yake ya kuzaliwa nikiusifu kwamba una mifuko mingi, akafungua zipu ya ubavuni ambayo sikuwahi kujua kazi yake, akatia mkono. Akautia tena. Kisha akautoa taratibu na kuuweka juu ya meza, mtupu. Kwanza akacheka, akaniambia kwamba duka lile linauza mikoba ya bastola tu, na alidhani nilikuwa najua, akafurahi kwamba hatimaye nimelainika. Kisha kicheko kikakatika. Akasema, "Sikumbuki kuitoa, Twyla. Sikumbuki hata kwenda chooni."

Nimekuwa nikikuandikia kwamba Mama hajambo, na nilikuwa naamini. Chumvi mahali pa sukari niliiita uzee. Sufuria iliyoungua niliiita simu ya Bi Oleta isiyokwisha. Tulikwenda kwa daktari Springfield, na amesema kwa maneno ya upole kwamba kumbukumbu inaondoka na haitarudi, ila inaweza kuondoka polepole. Katika maswali yake alimuuliza Mama kama nyumbani kuna silaha. Mama akamtazama juu ya miwani akamwambia, "Kwani kwako hakuna, mwanangu?" Yule daktari akaandika kitu, na nikaona ameona haya.

Bastola niliichukua, nikaifungia kwangu. Nilidhani hapo ndipo mambo yameisha. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu watu wanaokufa kwa bastola za nyumbani, na sikuwa nimesoma lolote kuhusu mtu anayeacha kuishi kwa kukosa yake. Jumatano Mama hakwenda kwenye kikundi cha kushona blanketi za viraka. Jumapili akasema kichwa kinauma. Bustanini hakutoka, nyanya zikaozea mtini. Mapazia yakabaki yamefungwa hata mchana, na kila gari likipita barabarani anainuka kuchungulia. Nilibishana naye, Kendall. Nilimpa takwimu. Nilimwambia nyumba zetu zimekaa miaka mingapi bila kuvamiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akasema takwimu zangu ni nzuri sana na kwamba hazilali naye nyumbani.

Nikamuuliza anamwogopa nani. Akasema hamwogopi mtu. Akasema wewe ndiye uliyempa, wiki ile kabla hujapanda ndege. Kwamba ulimpeleka shambani kwa Delbert, ukamsimamisha mbele ya makopo, ukamfundisha, na ukamwambia, "Mama, nikiwa mbali, hii ndiyo mimi." Mimi sikuambiwa. Mlijua wote watatu nitakavyosema, na labda mlikuwa sahihi. Sikukasirika, na kama nilikasirika, imeshapita. Ila ujue mwenyewe ulichofanya. Hukumpa silaha. Ulimpa mtoto wa kiume mwenye risasi tano, na miaka minne mama yetu amekwenda naye sokoni, kanisani, kwa msusi, na hata chooni. Ndiyo maana nilipoifungia kwangu hakuona kwamba ameporwa bastola. Aliona kwamba umeondoka mara ya pili.

Nikamwambia basi nitafanya nini. Akafikiri, akili yake ikiwa safi kabisa asubuhi ile, akasema, "Ibebe wewe. Tukitoka, uwe nayo. Mimi nitakuwa najua ipo." Na akaniwekea sharti moja zaidi, akinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo: nisimwambie mtu yeyote kwamba alisahau. Nimwambie mtu lolote lile, hilo nisilitamke. Bi Oleta aliyekisia akisie, lakini mdomo wangu usithibitishe. Amewaona wenzake waliojulikana kwamba wanasahau, jinsi watu wanavyoanza kuzungumza nao kwa sauti kubwa kama wanaongea na kuku.

Sasa Kendall, hiki nitakachokuambia sijamwambia mtu, na ukishakisoma uamue mwenyewe kama utamjibu Delbert.

Ninaibeba. Dada yako, mwandishi wa makala zile zote, ninaibeba. Kila asubuhi kabla hatujatoka Mama ananiuliza, "Unayo?" na kujibu tu hakutoshi, lazima aione. Anaifungua, anazungusha, anahesabu risasi kwa ncha ya kidole, anaifunga. Anaweza kusahau jiko linawaka, lakini mikono yake haisahau ulichoifundisha, kwa hiyo usinishauri nizitoe risasi. Nilishajaribu, na siku ile hatukwenda popote. Mkobani siiweki. Nimeandika mara nyingi mno juu ya mikoba inayoachwa kwenye viti na watoto wanaoipekua. Nimenunua ala ya ngozi. Ninaifutika kiunoni, upande wa kulia, chini ya sweta. Wala hakuna sheria ninayoivunja, hilo ndilo linalonichoma zaidi. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kulenga shabaha. Nimewahi mara moja, nikiwa msichana, nikapiga tangi la maji la baba.

Siku ya mkutano wa maktaba Mama alitaka kuja kunisikia. Kumwacha peke yake na jiko jioni siwezi tena. Akaniuliza kama ninayo, akahesabu, tukatoka. Hotuba nilikuwa nimeikariri kichwani, na nakuhakikishia ilikuwa kali. Akili yangu yote ilikuwa kwenye hotuba. Niliegesha gari, nikaja upande wake kumfungulia mlango, nikainua macho, na mbele yangu likawa bango. Lile langu, Kendall. Maneno niliyachagua mimi, hata ukubwa wa herufi niliugombania: "Hapa Huingii na Silaha."

Nilisimama pale nimeshika mlango wa gari. Ningeweza kuingia. Hakuna ambaye angejua, ndiyo maana ya kificho. Ningesimama mbele ya bodi nikaeleza kwa nini bango lile ni la lazima, huku kitu kinanibonyeza ubavuni kwa kila sentensi. Wapo waandishi ambao wangeweza, nawajua wawili. Mimi sikuweza. Kuiacha ndani ya gari? Niliwahi kuandika kwamba gari lenye bastola ni duka la bure la wezi, na maneno hayo nimeyarudia mpaka watoto wa shule wanayajua. Kumwachia Mama aishike mapajani, peke yake, jioni inapoingia na akili yake inapoanza kutangatanga? Hilo halikuhitaji hata kufikiriwa.

Nikiwa bado nimesimama, Delbert akaja na pikapu yake. Akashuka, akaliona bango, akajigusa kiunoni, akatikisa kichwa kwa kujilaumu, akarudi. Ana sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti chini ya kiti. Akaitoa yake, akaifungia, akavuta mlango kuhakikisha, akaingia maktaba mikono mitupu kwenda kuwasihi waliondoe bango ambalo alikuwa ametoka kulitii. Alipotupita alimvulia Mama kofia. Mimi akanipungia mkono na kuniambia niwahi, wanaanza, na nisimhurumie. Nilimjibu nakuja.

Sikwenda. Nilirudi kwenye usukani nikakaa. Mama akaniuliza mbona hatuingii, nikamwambia wamebadilisha saa. Akaridhika. Tukakaa pale na madirisha wazi, na kupitia dirisha la maktaba nilikuwa nawaona wote, midomo inatembea bila sauti, mpaka mikono ikainuka kupiga kura. Watatu kwa wawili. Yule wa tatu, mke wa mfamasia, alikuwa ananisubiri mimi nimshawishi. Alikuwa ananitafuta kwa macho kila mlango unapofunguliwa. Delbert alipotoka alinikuta ndani ya gari, akaelewa alivyoelewa, na nikimtendea haki, hakunicheka usoni. Alisubiri akakuandikia wewe.

Mhariri amenitaka nieleze gazetini. Kuna neno moja ambalo lingenisafisha, na neno lenyewe ni la Mama. Kwa hiyo nimeingia mitini. Waandike hivyo hivyo. Nimeshapoteza mabishano mengi kwa kusema, na hili ni la kwanza nililolipoteza kwa kunyamaza.

Usidhani nimegeuka. Sheria ile bado ni mbaya, na ningepewa kura leo ningeipinga leo. Mtu hapaswi kupewa uwezo wa kuua kirahisi kuliko anavyopewa leseni ya kuvua samaki. Ila ninapokaa kuandika, lile neno "wao" halikubali kuandikika. Kalamu inafika hapo inasimama.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Bi Oleta alinijia kama kawaida na mikono yake chini, akanikumbatia kiunoni. Mkono wake wa kushoto ukakutana na chuma. Ukatulia hapo kidogo. Akaipandisha mikono yake taratibu hadi mabegani kwangu, akanipigapiga mara mbili, akaenda zake. Nadhani hakumwambia mtu kwa ubaya. Lakini kufikia mlangoni, mchungaji alinikumbatia juu. Mwalimu wa shule ya Jumapili, juu. Na Delbert alikuja mikono imetanuka na utani wake tayari mdomoni, akaniangalia upande wa kulia wa sweta, akaumeza ule utani. Akanishika mabega. Miaka yote ile nilidhani wanaponikumbatia kiunoni wananidhihaki. Kumbe hilo ndilo kumbatio pekee la bila hofu walilokuwa wamebakiza.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu, na sijawahi kukuomba kingine. Njoo. Sikukuu ya Shukrani, mwezi ujao, ikikupata hapa itakuwa vizuri, na kama nauli ya wote ni nzito, Ngaire atakuelewa ukija peke yako. Nilipomwambia Mama kwamba siku moja tutaiweka mbali kabisa, alisema Kendall ndiye aliyempa na Kendall ndiye atakayeichukua. Mimi siwezi kuwa wewe, na kile chuma nacho hakiwezi tena. Njoo wakati bado anakufahamu ukiingia. Ukae naye, umshike mkono, na ukiwa umekaa hapo umwambie akupe.

Mama anasema nikuambie uvae kitu kizito kifuani na umwache mbwa wa watu ale chakula chake. Sijui anamkusudia mbwa gani. Wetu alikufa ukiwa bado shule. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mpe Ngaire pole za kuolewa katika ukoo huu. Ukishapata tiketi nijulishe nije na Mama kukupokea uwanja wa ndege, maana hatakubali kubaki.

Nawe ukitoka pale mlangoni, nikumbatie mabegani.

Dada yako akupendaye,
Twyla